Rivasi wa Mtaa wa Sikukuu

Siku nilipopata habari kwamba Mzee Rivasi wa Mtaa wa Sikukuu amefariki, nilicheka. Najua si adabu. Marehemu mama yangu angekuwepo angenifinya paja. Lakini kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, nimesimama jikoni na simu mkononi, na ujumbe wenyewe ulikuwa wa heshima kabisa: mzee wetu Sudi, maarufu kwa jina la Rivasi, ametangulia mbele ya haki, mazishi ni kesho baada ya sala ya adhuhuri. Kile kipande cha "maarufu kwa jina la Rivasi" nilikirudia mara kadhaa, kama mtu anayelamba kijiko cha asali. Vijana wa siku hizi wanadhani aliitwa hivyo kwa sababu ya gari lake bovu lililokuwa likizima kila akirudi nyuma. Hawajui kitu. Lile jina halikuwa lake. Lilikuwa la baba yangu mdogo, Pius, na sisi ndio tuliolibandua kwake tukambandika Sudi, likagandana naye mpaka kaburini.

Msibani nilikwenda. Sisi na Sudi tulikuwa majirani wa jengo moja Kariakoo, na jirani hata akikukosea humwachi azikwe na watu wa mbali. Nilipoanza kupanda ngazi, pua yangu ikakumbuka kabla ya kichwa. Juu walikuwa wanafukiza udi, na mlango wa chumba chake cha kazi ulikuwa wazi, mikanda ya video imepangwa hadi darini, na ile harufu ya zamani ya deki iliyopata moto, plastiki na vumbi vikiungua pamoja, ilikuwa bado imo ukutani. Nilishika ukingo wa ngazi. Hasira niliyodhani imezeeka ikanipanda upya, mbichi kabisa, kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Maana ndio umri niliokuwa nao. Baba alikuwa na duka la vyombo chini ya jengo lile: sufuria, mabeseni, vikombe, ndoo zilizopandana hadi dari. Sisi tuliishi nyuma ya duka. Ghorofa ya juu aliishi Sudi na mama yake, na pale kibarazani, ukutani mwa duka letu, ndipo Sudi alipofungua kibanda chake cha kupiga video za harusi. Aliweka runinga ikitazama mtaani, na kutwa nzima ilionyesha harusi za watu. Mimi nilikuwa nageuza ndoo, naikalia, natazama maharusi wasiohesabika wakiingia ukumbini kwa mwendo wa madaha. Nilimpenda Sudi. Alikuwa akinipa pipi na kuniambia, "Dina, wewe nitakupiga harusi yako bure." Ningejua, zile pipi ningemtemea.

Baba mdogo Pius aliletwa na baba kutoka Moshi ili asome chuo hapa mjini. Alilala stoo, kati ya mabeseni, na asubuhi alitoka humo akiwa amenyoosha shati kama anatoka hotelini. Katika ukoo wetu watu hucheka kwa kufunika mdomo. Yeye alicheka mpaka wapita njia wakageuka. Na mpira alijua. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya chuo chake, na mwaka ule timu ile ilifika fainali ya kombe la vyuo. Mtaa mzima ukajipa uanachuo. Wapagazi ambao hawajawahi kuona geti la chuo walikuwa wakisema "sisi wasomi safari hii hatutaki mchezo".

Fainali ilichezwa Jangwani, kwenye vumbi, na mimi nilikwenda na shangazi Felista, dada yao baba na Pius. Shangazi huyu nitamsema zaidi baadaye, maana bila yeye hii habari isingekuwa na mwisho. Wakuu wa chuo walikuwa wamemkodi Sudi apige video ya mechi, ionyeshwe siku ya mahafali. Alipandisha kamera yake juu ya meza, pembeni ya goli, akavaa kofia kama mtu wa maana.

Mechi ilikuwa karibu kuisha na hakuna aliyefunga. Krosi ikaja kutoka kulia. Nilimwona Pius akiruka, nikaona mpira ukiguswa, nikaona wavu ukivimba. Refa akapuliza filimbi, akanyoosha mkono katikati ya uwanja. Goli. Pius alikimbia mpaka kwenye kibendera cha kona, jezi ameifunika kichwani, akapiga magoti mavumbini. Shangazi alinirusha juu nikadhani sitarudi.

Kisha wale wengine wakamzunguka refa. Walikuwa wanapiga mikono yao wenyewe kumwonyesha kwamba mpira uligusa mkono. Mmoja akapaza sauti: "Kamera ipo! Kaangalie kwenye kamera!"

Siku hizi jambo hili watu wameshalizoea, refa anakwenda kwenye kioo pembeni ya uwanja na dunia nzima inamsubiri. Wakati ule hakuna aliyewahi kuliona, wala sheria yake haikuwepo popote. Lakini refa wa watu akaenda. Akapanda kwenye ile meza ya Sudi, akabandika jicho kwenye kidirisha cha kamera, akakinga jua kwa kiganja, na Sudi akawa anabonyeza vitufe pembeni yake. Aliposhuka alijigusa mkono, akatikisa kichwa. Goli likafutwa, na dakika za mwisho wale wengine wakafunga la kwao. Pius alibaki amesimama kwenye kibendera kile kile, jezi mkononi.

Kesho yake ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Sudi alitia mkanda kwenye deki, akageuza runinga vizuri, na kabla ya saa nne barabara ilikuwa haipitiki. Mzee Kombo, muuza kahawa, akahamisha benchi lake na birika lake hadi mbele ya duka letu ili asipitwe.

"Mkono huo! Angalieni! Angalieni hapo!"

"Mkono wa nani? Hilo ni bega. Wewe bega hulijui?"

"Bega limeota vidole?"

"Wewe jana ulikuwepo? Si ulikuwa Tandika kwa mkeo mdogo?"

Mzee Kombo akamimina kahawa pole pole, akasubiri wachoke. "Mimi sisemi mkono, wala sisemi bega," akasema. "Mimi nasema refa akishapuliza, kapuliza. Tangu lini mpira ukaamuliwa na mpiga picha za harusi?"

"Sasa mzee, ukweli umeonekana ufichwe?"

"Umeonekana kwa upande mmoja. Kamera ilikuwa upande huu. Upande ule mwingine nani aliona? Mbuzi?"

Mtaa ukagawanyika, watu wa Mkono na watu wa Bega. Waliokuwa wakigawana chumba hawakugawana tena sigara. Baba alilalamika kwamba wateja hawaoni mlango, lakini hata yeye, mtu asiyejua idadi ya wachezaji, nilimkuta akimfafanulia mama mmoja wa Mbagala aliyekuja kununua sufuria kwamba bega linaishia wapi. Hayo yote hayakuniumiza. Ubishi wa mpira ni chumvi ya Kariakoo, na kama mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa nimemwombea Sudi dua.

Yaliyoniumiza ni haya. Kila baada ya kuonyesha goli, Sudi alisema, "Ngoja nirudishe kidogo tuone vizuri." Akabonyeza. Na hapo mpira ukatoka wavuni, ukaruka kinyumenyume hadi kwa Pius. Pius aliyepiga magoti akainuka kwa nyuma, akakimbia kwa nyuma na jezi kichwani, jezi ikashuka yenyewe, mikono iliyokuwa juu ikateremka, na furaha yote ikamtoka usoni kama maji yanavyoondoka kwenye beseni. Mara ya kwanza watu waliguna. Mara ya pili wakacheka. Kufika jioni hakuna aliyetaka kuona goli tena. Walikuwa wakimwambia, "Sudi, tupe rivasi! Rivasi!"

Mimi nilikuwa mtoto, na niliamini macho yangu. Kwa akili yangu, lile goli lilikuwa limeingia na limo wavuni, na Sudi ndiye anayelitoa. Niliona mwenyewe akibonyeza na mpira ukitoka. Hata kule Jangwani, nikajiambia, refa hakuangalia chochote. Alikwenda kumshikilia Sudi kamera wakati analitoa. Na kila alipobonyeza tena, nilidhani baba mdogo, popote alipo, anapungukiwa kitu. Siku moja nikamfuata, nikamuuliza, "Kaka Sudi, kwa nini unalitoa?"

Akacheka, akanishika kichwa. "Mimi nikitaka linaingia, Dina. Nikitaka linatoka."

Kwangu mimi hapo mwizi alikuwa amekiri.

Na Pius alipungukiwa kweli. Mwanzo alicheka na wenzake, kama mtu anavyocheka anapokanyagwa mguu na mkubwa wake. Kisha watoto wa mtaani wakaanza kumtangulia wakitembea kinyumenyume, mikono wakiishusha taratibu kutoka juu, wakiimba "Rivasi! Rivasi!" Baada ya watoto, watu wazima. Mtu na heshima zake anainuka kwenye benchi na kikombe cha kahawa mkononi, anatembea nyuma nyuma mpaka anagonga nguzo, watu wanaangua vicheko. Jina likamfuata chuoni. Aliacha timu. Akaanza kupita mlango wa nyuma, kule kwenye mapipa ya taka, ili asipite mbele ya runinga. Kicheko chake kile cha kugeuza watu sikukisikia tena. Mchana mmoja nikiwa nimejificha kati ya ndoo, nilimsikia akimwambia baba, "Kaka, chuo nimeshindwa. Naomba nirudi nyumbani."

Baba akatoka hadi kwa Sudi. Alikwenda kwa upole, mikono nyuma, kama anaomba maji. "Sudi mdogo wangu, mkanda ule sasa basi. Kijana anaumia."

"Mangi," Sudi akasema, kama mtaa ulivyomwita baba kwa Uchaga wake, hata kusimama hakusimama, "biashara matangazo. Hawa wanakuja kumcheka Pius, wakiondoka wameshaniwekea oda za harusi. Wewe mwenzangu mfanyabiashara unajua."

Baba akarudi dukani, akapanga upya sufuria zilizokuwa zimepangika. Ndipo shangazi Felista, aliyekuwa akichagua sahani kwenye kona, akasema bila kugeuka, "Mwacheni. Aliye juu mngoje chini."

Shangazi Felista alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kupasua tarumbeta, na kazi iliyompa jina ilikuwa kuongoza wanawake kwenye sherehe. Katika mitaa yetu, maharusi hawaingii ukumbini wenyewe kama wageni wa benki. Wanawake wa mtaa, wamevaa sare, wanapanga safu mbili. Safu moja inakaa mbele ya maharusi, inawatazama usoni na kucheza ikirudi nyuma, kama inawavuta waingie. Ya pili inafuata nyuma yao, inawasukuma kwa vigelegele. Anayeongoza safu ya mbele ndiye anayeamua mwendo, na ukimwudhi utafika meza kuu chakula kimepoa. Waislamu kwa Wakristo walimwalika shangazi, na yeye hakuwahi kumkatalia mtu.

Haikupita miezi mingi, Sudi akaposa. Binti alitoka Lindi, jina lake Zuhura, na mama yake Sudi akashuka ngazi mwenyewe kuja dukani kwetu. "Felista mwanangu, usinitupe. Wanawake utaniongozea wewe."

"Kwa mikono miwili, mama," shangazi akajibu, na akampa mikono miwili.

Mazoezi yalifanyika uani kwetu, nyuma ya duka, wanaume wamefukuzwa. Mimi niliruhusiwa kwa sababu nilikuwa mdogo na nilijua kunyamaza. Shangazi alichora mstari kwa chaki: huu mlango, hii katikati ya ukumbi. Akawaambia, "Tutaingia kama kawaida mpaka katikati. Nikipiga kigelegele cha pili, mbele mnasonga mbele, nyuma mnarudi nyuma, na maharusi tunawatoa hivyo hivyo mpaka kwenye gari." Wanawake walicheka wakashikilia mbavu. Mmoja akauliza bibi harusi amekosa nini. Shangazi akajipangusa chaki mikononi. "Hajakosa," akasema. "Na Pius alikosa nini?" Hakuna aliyeuliza tena. Kisha akawakagua miguu, akawavua wote viatu virefu. "Siku hiyo simtaki mtu na kisigino. Pale ukumbini kuna ngazi, na kisigino kinajua kwenda mbele tu."

Mimi nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu. Kwa sababu nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Tukimrudisha Sudi kinyumenyume mpaka nje, ndoa yake itatoka kama goli lilivyotoka. Bibi harusi atarudi ndani ya gari, gari litarudi Lindi, na Sudi atabaki hana mke. Niliona ni haki kabisa. Usiku nilisali kwa Bikira Maria asisahau.

Siku ilifika, alasiri moja ya joto. Sudi alikuwa amempa kamera mdogo wake, akamweka mbele kabisa karibu na meza kuu, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwagiza, "Usizime. Hata iweje, usizime." Baba alikuwa amemvuta Pius kwa nguvu, wakakaa nyuma karibu na mlango. Muziki ukaanza. Shangazi akaingia mgongo mbele, mikono imepanda, kitenge cha zambarau kikimeta, na nyuma ya safu yake Sudi na suti nyeupe, na Zuhura amefunikwa shela, macho chini. Wakafika katikati. Kigelegele cha kwanza. Sudi akatabasamu kuelekea kamera, akanyoosha shingo, akawa mzuri kama wale wote aliowahi kuwapiga.

Kigelegele cha pili.

Safu ya mbele ikasonga mbele. Sudi akapiga hatua moja nyuma, akadhani ni madoido. Akapiga ya pili. Akageuza shingo, akaona safu ya nyuma nayo inarudi, na njia ni moja tu, ya kutokea. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, na niliuona uso wake ulipoelewa. Tabasamu lilimtoka pole pole, mikono ikateremka, vile vile kama kwenye runinga. Zuhura yeye alikuwa mgeni. Alidhani ndivyo watu wa Dar wanavyofanya, akainua uso na kutabasamu, akarudi nyuma kwa madaha, akitikisa mabega kwa mapigo ya ngoma.

Kisha Mzee Kombo akasimama, akaweka kiganja juu ya jicho kama mtu anayechungulia kamera, akapaza sauti: "Refa kaangalia! Hakuna goli!" Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza, soda zikamwagika, watu wa Mkono na watu wa Bega wakakumbatiana. Walipompita Pius pale mlangoni, Pius alisimama. Hakucheka. Alipandisha mikono yote miwili juu kabisa, kama alivyoipandisha Jangwani, na akaiacha juu mpaka Sudi akashuka ngazi, mdogo wake akiwafuata na kamera ambayo hakuizima.

Nje, Sudi ameegemea gari lenye maua, shangazi akamsogelea, akamfuta jasho kwa upindo wa kitenge. "Usikasirike, Bwana Sudi," akamwambia. "Tumerudisha kidogo tuone vizuri."

Asubuhi yake niliamka kabla ya jua, nikakaa mlangoni kuhakikisha. Nikamkuta Zuhura anafagia ngazi, hina mikononi, akanisalimia vizuri. Nilikimbia nikamwamsha shangazi, aliyelala kwetu: "Shangazi! Hajarudi kwao!" Alicheka mpaka akakohoa, na hakunieleza kitu. Lakini nilipotoka tena barabarani niliona watoto wale wale, wakitembea kinyumenyume, na aliyekuwa mbele yao ni Sudi, anakwenda kufungua kibanda. "Rivasi! Rivasi!" Mkanda wa mechi haukuonekana tena. Pius alirudi kupita mlango wa mbele. Chuo alimaliza, akapata kazi bandarini, akazeekea huko. Mpira hakuugusa tena maisha yake yote, na kile kicheko hakikurudi. Kwa hiyo sikuwahi kumsamehe Sudi, na nilikuwa nikijiambia kwamba angalau tumelipa. Miaka yote hii nilikuwa na hilo, kwamba mtu aliyeishi kwa kupamba harusi za wenzake, harusi yake mwenyewe haina mkanda wa kutazamika.

Nikaachia ukingo wa ngazi, nikaingia chumbani kwa mfiwa. Zuhura alikuwa ameketi mkekani, amevaa nguo nyeupe za eda, uso umekonda. Nilipiga magoti. "Shikamoo Bi Zuhura. Pole sana."

"Marahaba Dina mwanangu. Tumeshapoa. Umekuja." Akanishika mkono, na hakuuachia. "Jana nilikuwa namkumbuka shangazi yako. Mkanda wa harusi yetu, mzee alikuwa akitutilia kila Idi."

"Ule mkanda?"

"Ule ule. Mwaka wa kwanza alitaka kuuchoma moto. Alikaa na deki yake siku nzima, akibonyeza tu, mimi nimekasirika jikoni. Kisha akaniita. Akauanzia mwisho, akaurudisha nyuma." Akatabasamu, na nikaliona lile tabasamu la pale ukumbini, halikuwa limebadilika. "Dina, tunatoka kwenye gari, tunapanda ngazi, tunaingia. Shangazi yako yuko mbele anatuvuta, kigelegele, watu wote wamesimama wanatushangilia. Yule ndugu yako yuko mlangoni, anashusha mikono kama anatupa heshima. Hakuna harusi iliyoingia vizuri kama ile. Wanangu wote wamekua wanajua hivyo. Sauti tu ndiyo alikuwa anazima."

Nilikaa pale nimeshikwa mkono, na maneno ya Sudi ya wakati ule yakanirudia. Nikitaka linaingia, nikitaka linatoka. Alikuwa ameniambia mwenyewe.

"Sasa mdogo wao, Mwajuma, anaolewa eda yangu ikiisha," akaendelea. "Nasikia siku hizi wewe ndiye unayeongoza, umechukua nafasi ya shangazi. Nataka umwingize wewe. Kama shangazi yako alivyotuingiza sisi."

Nilimtazama machoni nione kama ananisamehe au ananipiga kofi. Miaka mingi ya kuishi na mwenye kamera ilikuwa imemfundisha kutulia. Sikuona chochote.

"Kwa mikono miwili," nikasema.

Pius alikuwa chini, barabarani, ameketi chini ya turubai pamoja na wanaume wengine, kofia magotini. Nikamwita pembeni, nikamweleza yote. Alisikiliza akitazama pale ukutani ilipokuwa runinga. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikatafuta leso. Alikuwa anacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, kikubwa, msibani, mpaka waliokuja na jeneza la kuchukulia maiti wakageuka na imamu akatuangalia.

"Goli mbili bila," akasema akijifuta macho. "Sudi katufunga mbili bila, Dina. Na hili la pili halina mkono."

Watu wengine wangeridhika hapo, na wangesema kicheko kile ndicho tulichokuwa tukikidai. Mimi nilifurahi kukisikia, sidanganyi. Lakini ndiye Sudi aliyekiondoa, na ndiye Sudi, amelala ndani ya sanda, aliyekirudisha kwa wakati wake alioutaka yeye. Nilirudi nyumbani nimeuma meno.

Harusi ya Mwajuma inakaribia. Ni binti mzuri, ananiita shangazi, na mpiga video ni kaka yake, anayetumia studio ile ile ya baba yake. Sare nimeshachagua, zambarau. Wanawake wangu wananiuliza mazoezi yanaanza lini, na bado sijawajibu. Ila viatu vyangu nimekwisha kununua, pale pale Kariakoo. Havina kisigino.